Bima ya afya ya safari: ipi ya kukata kabla ya kupanda ndege

Wasafiri wengi wa kwetu hukutana na bima ya safari kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya nyaraka za viza, katikati ya taarifa ya benki na barua ya mwajiri. Basi huinunua kama wanavyopiga picha za pasipoti: ya bei ndogo kabisa, ili orodha ikamilike. Kwa safari ya wiki moja Ujerumani huenda hilo lisilete shida. Kwa mama wa miaka 68 mwenye presha anayekwenda kukaa miezi mitatu kwa mwanawe Minneapolis, Marekani, ni kosa linaloweza kuuza kiwanja.

Kwenye matangazo bima zote zinafanana, kwa hiyo hapa tunazilinganisha kwa namna zinavyofanya kazi siku ya kuugua. Mambo matatu hutenganisha bima ya kweli na karatasi ya viza. La kwanza, kama kampuni inailipa hospitali moja kwa moja au inakurudishia fedha baadaye. La pili, inayatazamaje maradhi uliyokuwa nayo kabla ya safari. La tatu, inatoa kiasi gani kukuhamisha ukiwa mgonjwa au kukurudisha nyumbani. Kikomo cha fidia, ile namba kubwa iliyokolezwa wino, kinafuata nyuma ya hayo matatu.

Kadi ulizonazo tayari

Anza na zilizomo kwenye pochi. Kadi ya NHIF ya Tanzania inafanya kazi katika vituo vilivyosajiliwa ndani ya nchi. Usiitegemee ukivunjika mguu Istanbul. Kenya, SHA (mamlaka ya afya ya jamii) iliyochukua nafasi ya NHIF ya huko Oktoba 2024 ina utaratibu wa matibabu ya nje, ila ni kwa huduma isiyopatikana nchini na kwa kibali cha mapema. Dharura ya msafiri haisubiri kibali.

Bima ya mwajiri inaweza kuwa na kipengele cha safari za nje, na hapo watu hupumzika mapema mno. Muulize afisa rasilimali watu maswali matatu, akujibu kwa maandishi: inahesabu siku ngapi kwa safari moja, inalipa dharura tu au matibabu yote, na je, mimi ndiye ninayelipa kwanza kisha nidai? Mara nyingi jibu la tatu ni ndiyo. Kulipa kwanza kunawezekana Kampala au Kigali. Hospitali ya Houston ikikuletea hesabu ya dola 18,000, ni mkasa mwingine.

Kadi za benki za daraja la juu nazo huja na bima ya safari. Sharti la kawaida ni kwamba tiketi iwe imelipiwa kwa kadi hiyohiyo. Ukimlipa wakala wa tiketi kwa pesa ya simu, bima ya kadi haijaanza kabisa. Tena ubalozi hautapokea kadi ya plastiki kama ushahidi. Benki lazima ikutolee cheti chenye jina lako, tarehe na kiasi. Benki isipoweza kukitoa kabla ya miadi ya viza, nunua bima ya kawaida.

Schengen: masharti yameandikwa, makosa ni ya tarehe

Ulaya ndiko rahisi kuchagua kwa sababu kiwango kimewekwa na sheria. Kanuni ya viza ya Umoja wa Ulaya ya 2009 inataka bima isiyopungua euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja (sasa ni 29), kwa muda wote wa ziara, na inayolipia matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Kampuni nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zinauza bima ya namna hii na cheti hutoka siku hiyohiyo.

Kinachoharibu ni tarehe na majina. Ndege ikiondoka Dar saa tano usiku ya tarehe 9, ukafika Frankfurt tarehe 10, bima ianze tarehe 9. Kwenye kurudi, isiishie siku ya kupanda ndege. Ongeza siku mbili tatu, maana safari zikivurugika utalala huko. Jina liwe lilelile la pasipoti, kwa mpangilio uleule. Cheti kilichoandikwa jina la nchi moja tu, bila kutaja Schengen nzima, hurudishwa dirishani.

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi anahitaji jambo moja la ziada. Ubalozi hutazama bima ya ziara ya kwanza tu. Kwa ziara zinazofuata unasaini kwamba unajua wajibu wa kuwa nayo. Safari ya pili ikifika, watu huondoka bila bima kwa kuwa viza ipo mkononi. Sharti halijafutwa, na gharama za hospitali hazijapungua.

Je, euro 30,000 zinatosha? Kwa kuvunjika mguu au upasuaji wa kidole tumbo, kwa kawaida ndiyo. Kwa wiki mbili katika chumba cha wagonjwa mahututi na baadaye ndege ya wagonjwa kurudi Afrika Mashariki, hapana; ndege hiyo peke yake hufika makumi ya maelfu ya euro. Mara nyingi daraja la juu yake huongeza bei kidogo tu kwa kijana wa safari fupi. Tunashauri ulichukue.

Uingereza: ada ya serikali au bima yako

Hapa msafiri wa muda mfupi na mwanafunzi wana njia tofauti kabisa. Mgeni wa viza ya miezi sita halazimishwi kuwa na bima, na wengi hudhani kwa hiyo NHS, huduma ya afya ya serikali, itawatibu bure. England, kitengo cha dharura hakimtozi mtu. Ukishalazwa kutoka kitengo hicho kwenda wodini, hesabu inaanza, na mgeni asiye na haki ya huduma ya bure hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS. Deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kuwa sababu ya kukunyima viza baadaye. Mzazi anayezuru watoto London anunue bima ya safari, basi.

Mwanafunzi wa zaidi ya miezi sita hulipa ada ya afya pamoja na maombi ya viza: pauni 776 kwa mwaka, na watu wazima wa viza nyingine nyingi hulipa pauni 1,035. Sehemu ya mwaka isiyozidi miezi sita hutozwa nusu. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja huja na miezi ya ziada ya viza, hivyo wengi hulipa mwaka na nusu, yaani pauni 1,164. Kwa fedha hizo anatibiwa NHS kama mkazi. Aliyelipa ada hii hana haja ya bima kubwa ya matibabu. Anachokosa ni kurejeshwa nyumbani akiwa mgonjwa na kusafirishwa mwili, na hayo mawili anaweza kuyanunua kwa bima ndogo.

Marekani: bima mbili za bei moja zisizofanana

Hapa ndipo penye hatari kubwa na ndipo tunapokaa zaidi. Viza ya matembezi ya B1/B2 haidai bima. Sheria ya 1986 inailazimisha idara ya dharura ya hospitali zinazopokea fedha za Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) kumpima na kumtuliza mgonjwa hata kama hana senti, lakini haifuti hesabu. Bili hufuata nyumbani kwa mwenyeji wake. Wenye viza ya J-1 (wanafunzi wa kubadilishana, watafiti) ndio wenye kiwango cha lazima: dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kuhamishwa kwa sababu za kiafya, 25,000 za kusafirisha mwili, na sehemu ya mgonjwa mwenyewe isiyozidi dola 500 kwa kila tukio. Namba hizo ni kipimo kizuri hata kwa mgeni asiyelazimishwa.

Bima za wageni wa Marekani ziko za aina mbili. Ya kwanza hulipa kwa orodha: kila huduma ina kiasi chake, hata hospitali ikidai kiasi gani. Ya pili hulipa kwa asilimia ya bili halisi mpaka kikomo. Zote mbili zinaweza kuandikwa “dola 50,000” juu ya ukurasa, na ya kwanza huwa rahisi zaidi kwa bei.

Tuzipime kwa mfano. Mgeni amelazwa siku tatu kwa nimonia, bili ni dola 18,000. Kila bima inamtaka aanze kulipa dola 250 mwenyewe.

Bima ya orodha inatoa, tuseme, dola 1,500 kwa kila siku ya kulazwa (4,500), 500 za chumba cha dharura, 600 za kipimo cha CT, na 75 kwa kila mara daktari alipomwona, mara sita (450). Jumla 6,050. Toa 250, kampuni inalipa 5,800. Familia inabaki na deni la dola 12,200, ilhali kikomo cha 50,000 hakijaguswa hata robo.

Bima ya asilimia, kwa mpangilio ulioenea, baada ya zile 250 hulipa asilimia 80 ya dola 5,000 zinazofuata (4,000) na asilimia 100 ya zilizobaki (12,750). Kampuni inalipa 16,750. Familia inatoa 1,250.

Tofauti ya karibu dola 11,000 imetoka kwenye aya moja ya hati ambayo mnunuzi hakuifungua. Ukitumiwa nukuu, tafuta ukurasa wenye jedwali la malipo. Ukiona kiasi kimeandikwa mbele ya kila huduma, kama “kwa siku”, “kwa ziara”, “kwa kipimo”, hiyo ni ya orodha.

Jambo la pili ni mtandao wa hospitali. Hospitali iliyo kwenye mtandao wa kampuni hutoza bei iliyokubaliwa na hutuma bili kwa kampuni. Mapokezi wakisema “tunapokea bima” hawajajibu swali. Waulize kama wamo kwenye mtandao ulioandikwa kwenye kadi yako, ukiutaja kwa jina. Mwenyeji atafute hospitali mbili za mtandao karibu na nyumba kabla mgeni hajafika.

Maradhi ya awali

Madai mengi ya wazee hukwama hapa. Presha inayotibiwa kwa vidonge ni maradhi ya awali hata kama mtu hajawahi kulazwa. Sukari, pumu, figo na saratani iliyopona nazo zimo. Kila kampuni ina muda inaorudi nyuma kutazama: miezi 6, mwaka mmoja, wakati mwingine miaka mitatu. Hali iliyotibiwa, au iliyobadilishiwa dawa ndani ya muda huo, haifidiwi, ama inafidiwa kwa kiasi kidogo.

Kuna kipengele cha katikati ambacho tunakipendekeza kwa wazazi: kuzidi ghafla kwa maradhi ya awali. Mwenye presha akipata kiharusi bila dalili za kumtangulia, bima yenye kipengele hiki inaweza kulipa. Masharti yake ni makali: mara nyingi mgonjwa awe ametafuta tiba ndani ya saa 24, na awe chini ya umri fulani, kwa kawaida 70 au 80. Kupanda taratibu kwa sukari kwa wiki mbili hakumo. Bima isiyo na kipengele hiki, kwa mzee mwenye presha, inamlinda na ajali, malaria na nimonia. Moyo na kiharusi, ambavyo ndivyo hofu yenyewe, vinabaki nje.

Usifiche kitu kwenye fomu. Mgonjwa akifikishwa dharura, muuguzi humuuliza kijana wake, “Mama ana historia gani?” Anajibu kwa haki, “Presha, miaka kumi.” Jibu hilo linaingia kwenye faili, na faili ndilo kampuni inaloliomba kwanza. Fomu iliyosema “hana ugonjwa wowote” inaua dai zima, hata la sehemu isiyohusiana na presha. Abebe dawa za muda wote wa kukaa na wiki mbili zaidi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa ya kitabibu.

Ghuba, Saudia, India na majirani

Saudia, bima ya dharura huja ndani ya ada ya viza ya Umra na ya utalii. Anayekwenda Makka na Madina tu na kurudi hana sababu ya kununua nyingine kama ni mzima. Lakini bima hiyo inaishia mpakani. Ukipitisha siku tatu Dubai njiani, siku hizo hazina ulinzi.

Anayekwenda kufanya kazi Ghuba asitegemee bima ya safari hata kidogo, kwani nyingi hazilipi mtu aliyeumia kazini. Saudia inawalazimisha waajiri wa sekta binafsi kuwakatia wafanyakazi bima ya afya. Dubai ina sheria ya namna hiyo tangu 2013. Dai kadi ya bima mara baada ya kibali cha ukaaji kutoka.

India: bima ya safari hailipi safari iliyofungwa kwa ajili ya matibabu, wala matatizo yanayotokana na upasuaji uliokupeleka huko. Msindikizaji anaweza kukata yake, na akate.

Kwa safari za ndani ya ukanda, za kwenda Goma, Juba au mbugani, swali ni nani atakutoa ulipo. Uanachama wa AMREF Flying Doctors, shirika lililoanza 1957 na ndege zake ziko Uwanja wa Wilson Nairobi, hulipia kuhamishwa kwa ndege na gari la wagonjwa. Haulipi bili ya hospitali ukishafikishwa. Kwa hiyo uanachama huo unakaa pamoja na bima. Mmoja hauchukui nafasi ya mwingine.

Kwa ufupi wa macho:

| Chaguo | Hospitali inalipwaje | Inamfaa | Pengo |
|---|---|---|---|
| Ya kadi ya benki | Mara nyingi unadai baadaye | Safari fupi, kijana mzima | Tiketi isipolipiwa kwa kadi, haipo |
| Schengen ya euro 30,000 | Moja kwa moja ukipiga simu kwanza | Ziara ya Ulaya | Kulazwa kwa muda mrefu |
| Marekani, ya orodha | Kiasi maalum kwa kila huduma | Hatuishauri | Bili kubwa hubaki kwako |
| Marekani, ya asilimia | Moja kwa moja kwenye mtandao | Wazazi, ziara ndefu | Maradhi ya awali bila kipengele |
| Uanachama wa ndege | Haulipi hospitali | Safari za mbali na miji | Matibabu yenyewe |

Kurudisha mgonjwa, kurudisha mwili

Linasemwa kwa aibu, na kwa sababu hiyo halisomwi. Mtu akifariki nje bila bima, msiba unaanza na mchango: kundi la WhatsApp, namba ya kutuma fedha, siku zinapita mwili ukiwa chumba cha baridi. Bima nyingi za safari zina fungu la kusafirisha mwili na jingine dogo zaidi la kuzika hukohuko. Soma yote mawili. Familia ya Kiislamu inayotaka maziko ya haraka itahitaji la pili. Familia inayotaka kuzika Kilimanjaro au Kisumu itahitaji la kwanza, na likiwa chini ya dola 10,000 hapana shaka tafuteni bima nyingine. Kampuni hutaka ndiyo iratibu usafirishaji. Ndugu wakishalipa wakala wao wenyewe kabla ya kupiga simu, fidia inaweza kukataliwa.

Kununua, na kupiga simu

Nunua ukiwa bado nyumbani. Bima nyingi hazikatwi safari ikishaanza. Ikiwa unaomba viza, uliza kwanza kama fedha hurudishwa ukinyimwa na kwa makato gani. Nunua kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa na mamlaka ya usimamizi wa bima (TIRA kwa Tanzania, IRA kwa Kenya), na omba hati kamili yenye masharti, zaidi ya cheti cha ukurasa mmoja. Ndani yake tafuta yasiyolipwa: pikipiki bila leseni, ajali ukiwa umelewa, ujauzito kupita wiki zilizotajwa, michezo ya hatari, na kutibiwa meno isipokuwa maumivu ya ghafla.

Ukiugua, namba ya dharura ya kampuni inapigwa kabla ya kulazwa. Hali ikiwa mbaya, ndugu apige ndani ya saa 24. Omba namba ya kesi na barua ya dhamana ya malipo itumwe hospitali. Bila barua hiyo kaunta itakutaka uweke fedha. Ukiondoka, chukua ripoti ya daktari, bili inayotaja kila huduma peke yake, risiti halisi, na ripoti ya polisi kama ni ajali. Hifadhi na kurasa za pasipoti zenye mihuri, kwa kuwa kampuni itataka kujua ulikuwa nje tarehe hizo. Picha za hati na namba ya simu zikae pia kwenye simu ya mtu mwingine, maana ya mgonjwa huenda imefungwa kwa alama ya kidole.

Wanaorudi nyumbani likizo

Aliyeko ughaibuni naye ni msafiri anapokuja kwetu. NHS haimlipii Muingereza aliyelazwa Mombasa. Medicare ya Marekani, isipokuwa kwa hali chache sana, hailipi nje ya nchi hiyo. Mkazi wa Ontario atarudishiwa na OHIP, bima ya afya ya jimbo hilo, kiasi kisichozidi dola 400 za Kanada kwa siku ya kulazwa kwa huduma ya juu, 200 kwa nyingine, na ndege ya wagonjwa haimo. Mgeni asiye Mtanzania anayeingia Zanzibar, tangu 1 Oktoba 2024, hulipa dola 44 za bima ya lazima kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, ya siku 92, hata kama ana bima yake. Hiyo ni ya visiwani tu. Ukivuka kwenda Tanga, Lamu au kijijini Kigoma, uwe na bima uliyokata kabla ya kuondoka, na imeandikwa wazi kwamba inalipia kuhamishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam au Nairobi.